Sarafu inayong'aa siyo prufu: hadithi ya dola ya 1804

Leo sileti habari ya konkuru wala ya bursi. Naleta habari ya feza ya chuma, tena ya Marekani, tena ya karne ya 19. Mnivumilie kidogo. Hii habari iliingia nyumbani kwetu na karibu itutoe pesa ambayo Mama alikuwa ameilimbikiza miaka miwili. Na kosa la kwanza lilikuwa langu.

Ilikuwa mchana, mvua inanyesha hapa Kindu. Mdogo wangu akaingia na kitu ndani ya kitambaa, akakifungua juu ya meza. Sarafu kubwa, nyeupe, inang'aa sana. Upande mmoja kichwa cha mwanamke mwenye nywele ndefu, chini yake mwaka 1804. Upande wa pili tai na maneno ya United States of America.

"Yaya, angalia mwaka," akaniambia kwa sauti ya chini, kama vile majirani wanasikiliza. "Ni ile. Kwenye simu nimeona moja iliuzwa zaidi ya dola milioni saba. Huyu mzee anaiuza mia sita tu. Hajui iko na nini mukononi."

"Umeisha kulipa?"

"Nimemupa avansi, mia moja na makumi tano. Zingine Mama atanipa jioni."

Mjue kwamba mdogo wangu amemaliza lisanse ya ekonomia, na tangu hapo anazunguka na bahasha ya diploma kwapani. Zile mia sita Mama alizitoa katika mchele na mafuta ya mawese, ili kijana afungue nyumba ndogo ya fotokopi karibu na univerisite. Sasa zilikuwa zinaelekea kwenye kitambaa.

Kwa nini nasema kosa lilikuwa langu? Juu wakati naandika memwari yangu ya historia, juu ya biashara ya Zanzibar na Maniema, nilikutana na dola ya 1804 ndani ya vitabu. Nilifurahi sana, nikamsimulia mdogo wangu usiku ule ule. Ila nilimwambia bei, sikumwambia sababu ya bei. Hadithi nusu ni kama dawa nusu. Leo naandika ile nusu iliyobaki.

PRUFU NI NINI?

Dola ya 1804 ni ya jamii ya sarafu zinazoitwa prufu. Watu wengi wanafikiri prufu maana yake ni sarafu iliyotunzwa vizuri. Hapana. Prufu ni namna ya kutengeneza, siyo hali ya sarafu. Sarafu ya kawaida ukiificha miaka mia mbili bila kuigusa, haigeuki kuwa prufu. Na prufu ikipotelea sokoni, ikapita mikono elfu mpaka sura yake ikalika, bado ni prufu, ila ni prufu iliyoharibika.

Ili kupiga sarafu unahitaji mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja wa juu na mmoja wa chini, kisahani cha madini kisicho na picha, na mashine ya kugandamiza. Katika kiwanda cha Philadelphia, ambako prufu karibu zote za Marekani za karne ile zilitoka, sarafu za kawaida zilipigwa mbio. Tangu 1836 walikuwa na mashine ya mvuke: kisahani kinaingia, kinapigwa mara moja, kinaanguka juu ya vingine, vyote vinatiwa ndani ya mfuko na kugongana njiani. Ndiyo maana hata sarafu mpya kabisa inakuwa na mikwaruzo.

Prufu ilikuwa kazi ingine. Kwanza, muhuri wenyewe ulisuguliwa na kung'arishwa mpaka sehemu zake zilizo sawa zikawa kioo. Lakini picha ndani ya muhuri imechimbwa, iko shimoni, na kule shimoni kitambaa cha kung'arisha hakifiki. Matokeo yake ni kwamba uwanja wa sarafu unaangaza kama maji yaliyotulia, na sura ya mtu au tai inatoka nyeupe, hafifu, kama imenyunyiziwa unga wa muhogo. Weupe huo unaonekana zaidi katika sarafu za kwanza za muhuri. Kadiri muhuri unavyopiga, ndivyo unavyopotea.

Pili, kisahani nacho kiling'arishwa kabla ya kupigwa. Wafaransa hata leo prufu wanaiita flan bruni, yaani kisahani kilichong'arishwa. Tatu, mfanyakazi alikiweka kwa mkono, kimoja kimoja, akakipiga taratibu kwa nguvu nyingi, mara nyingi zaidi ya pigo moja, ili kila nyota na kila unywele ujae. Kwa muda mrefu mashine ya kazi hiyo ilikuwa ile ya zamani ya skrubu. Zile za nguvu ya maji zilikuja kuchukua nafasi yake karne ikielekea mwisho. Halafu sarafu ikatolewa kwa mkono, isigusane na wenzake.

Muweke hili akilini: mng'ao wa prufu unazaliwa kabla ya pigo la kwanza, ndani ya kiwanda. Hautoki kwenye kitambaa cha mtu aliyeipata baadaye.

ZAWADI YA SEYYID SAID

Kiwanda cha Philadelphia kilitokana na sheria ya tarehe 2 Aprili 1792. Katika miaka yake ya kwanza, sarafu za namna hii zilikuwa chache mno: za mgeni mkubwa, za rafiki wa kiwanda, za mpenda sarafu mmoja mmoja. Hazikuwa za kuuzwa kwa kila mtu.

Sasa njooni mwaka 1832. Mfanyabiashara mmoja wa Portsmouth, katika jimbo la New Hampshire, jina lake Edmund Roberts, alitumwa na serikali ya Rais Andrew Jackson kwenda Mashariki kutafuta mikataba ya biashara. Akapata miwili: mmoja na mfalme wa Siam, ndiyo Thailand ya leo, na mwingine na Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani, ambaye Wamarekani walimwita Sultani wa Maskati.

Hapa wana-Maniema mtege masikio. Seyyid Said ndiye aliyehamishia makao yake Zanzibar. Misafara iliyokuwa ikipita Tabora na Ujiji, na baadaye ikafika Nyangwe na Kasongo kutafuta pembe za ndovu na watumwa, ilikua kutokana na biashara aliyoijenga yeye na watoto wake. Kiswahili chetu hiki kilikuja kwa njia ile ile, pamoja na machozi yake. Na Wamarekani walitaka nini kwake? Wafanyabiashara wa Salem walikuwa wanaleta vitambaa vya pamba Zanzibar, vile tunavyoviita amerikani mpaka leo, na kurudi na pembe, ngozi na sandarusi. Mkataba ulikuwa mlango wa biashara hiyo.

Mlango unafunguliwa na zawadi. Novemba 1834 wizara ya mambo ya nje ya Marekani ikaomba kiwanda kitengeneze seti nzuri za sarafu, moja ya kila aina, ili Roberts azipeleke kwa watawala. Ndipo shida ikaanza. Kwa sheria, dola ya fedha na sarafu ya dhahabu ya dola 10 zilikuwa bado ni sarafu za nchi, lakini zote mbili zilikuwa hazijapigwa tangu 1804. Wakafungua madaftari, wakasoma kwamba mwaka 1804 zilipigwa dola 19,570. Wakasema: basi, tuandike 1804.

Kumbe zile dola 19,570 zilipigwa kwa mihuri ya zamani, yenye mwaka 1803 au wa nyuma yake. Zamani zile muhuri haukutupwa kwa sababu ya mwaka tu, uliendelea mpaka uchoke. Kwa hiyo hakuna dola hata moja iliyobeba 1804 katika mwaka 1804 wenyewe. Dola ya 1804 ilizaliwa miaka 30 baadaye, ikiwa prufu, kwa ajili ya zawadi.

Roberts akasafiri tena na meli ya Peacock mwaka 1835, akapitia Zanzibar. Karibu na kisiwa cha Masirah, pwani ya Omani, meli ikakwama kwenye matumbawe, ikabidi watupe baharini hata mizinga ili iwe nyepesi. Wakaokoka, na Seyyid Said akapata seti yake Maskati mwaka huo huo. Mfalme wa Siam akapata yake 1836. Seti nyingine mbili, za Japani na za nchi ambayo leo ni Vietnam, hazikufika, kwa sababu Roberts aliugua njiani akafa Makao, mwaka 1836.

Za kundi hilo la kwanza zinajulikana 8 tu duniani. Baadaye, miaka ya 1850 ikielekea mwisho na kuendelea, ndani ya kiwanda kile kile zikapigwa zingine bila amri: moja ilipigwa juu ya sarafu ya Uswisi, na iko leo katika makumbusho ya Smithsonian huko Washington, na zingine chache zaidi.

Sasa bei, ile niliyomwambia mdogo wangu. Seti ya mfalme wa Siam iliuzwa mwaka 2005 kwa karibu dola milioni 8.5. Na ile dola ambayo wataalamu wanaamini ndiyo ya Seyyid Said, ilionekana Uingereza katika mkusanyiko wa mtu wa Liverpool, ikauzwa London mwaka 1917, ikavuka bahari kwenda Marekani, ikauzwa 1999 kwa dola milioni 4.14, na tena Agosti 2021 kwa dola milioni 7.68. Video ya mdogo wangu haikusema uongo. Mahali hapo ndipo mtego ulipo.

Angalieni vizuri kinacholeta bei. Siyo mwaka 1804, maana mwaka wenyewe ni kosa la daftari. Siyo mng'ao. Ni kwamba ziko chache sana, kila moja inafahamika uso kwa uso, na kila moja iko na historia ya mikono iliyoishika: nani aliiuza, kwa nani, mwaka gani. Watu wa sarafu wananunua chuma pamoja na ushahidi. Chuma bila ushahidi, unalipia chuma tu.

PRUFU ZINAPOFUNGULIWA KWA WATU WOTE

Msifikiri prufu zote ni za wafalme. Sheria ya Februari 1857 iliondoa senti kubwa za shaba, zile ambazo Wamarekani walizizoea tangu utoto. Zilipoanza kutoweka, watu wakaanza kuzitafuta na kuziweka: mtu anatafuta moja ya kila mwaka, akikosa mwaka mmoja halali. Homa ya kukusanya ikaenea. Mwaka 1858 vyama vya wapenda sarafu vikaanzishwa Philadelphia na New York.

Kiwanda kikaona. Mkurugenzi wake wa wakati ule, James Ross Snowden, akaanza kuuza prufu kwa mtu yeyote aliyetaka. Seti ya sarafu za fedha ilikuwa dola 3. Mwaka 1859 zilipigwa prufu 800 za kila sarafu ya fedha. Mwaka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwaka, zikashuka mpaka 460. Mwaka 1880 zikafika 1,355. Za dhahabu zilikuwa chache zaidi, maana nani angefungia dola 20 kwenye kabati? Prufu za dola 20 za mwaka 1884 ni 71 tu, na mwaka ule Philadelphia haikupiga dola 20 za kawaida hata moja.

Hapo kuna jambo zuri kwa mkusanyaji: kuna miaka ambayo prufu ndiyo sarafu pekee. Mfano ni dola ya biashara, iliyoanza 1873 ili kushindana na sarafu za Meksiko huko China. Za kawaida zilisimama 1878. Baada ya hapo, mpaka 1883, wakapiga prufu peke yake kwa ajili ya wakusanyaji: 1,987 mwaka 1880, na 979 mwaka 1883. Watu wakafikiri zimeishia hapo. Mwaka 1908 zikajitokeza za 1884, zinajulikana 10, na za 1885, zinajulikana 5. Tena mlango wa nyuma wa kiwanda.

Mfano wa pili ni dola ya Morgan ya mwaka 1895 kutoka Philadelphia. Prufu ni 880. Daftari linasema zilipigwa pia 12,000 za kawaida, lakini hakuna hata moja iliyothibitishwa kuonekana. Kwa hiyo anayetaka kukamilisha safu ya dola za Morgan hana njia ingine, lazima anunue prufu.

Na mtu wa pesa kidogo? Naye ana nafasi yake. Kuna prufu za senti 1, za senti 3 na senti 5 za nikeli, zilizopigwa kwa wingi kidogo. Senti 3 ya nikeli ya mwaka 1886 ilitoka kwa prufu tu, vipande 4,290, na leo unaweza kuipata kwa mia chache za dola. Wengine hawatafuti kila mwaka, wanatafuta aina: kipande kimoja cha kila sura iliyotumiwa katika karne ile, basi. Mi sina hata moja, niseme ukweli. Mi nakusanya habari zake tu, na hata habari inaweza kukugharimu, kama mlivyoona.

JINSI YA KUTOFAUTISHA

Hapa nawaomba msome polepole.

La kwanza, sarafu ya kawaida iliyopigwa na muhuri mpya inaweza kung'aa karibu kama prufu. Tofauti unaitafuta pembeni. Ukingo wa prufu umesimama wima na kona zake ni kali, kama meza iliyokatwa na seremala mzuri. Wa sarafu ya kawaida umeviringika. Halafu angalia nyota, manyoya ya tai, nywele juu ya sikio. Katika prufu vyote vimejaa, hakuna palipofifia.

La pili, angalia herufi. Prufu za karne ya 19, isipokuwa chache sana, ni za Philadelphia, na kwenye dola za Morgan kiwanda hicho hakikuweka herufi yake. San Francisco iliweka S, New Orleans ikaweka O. Basi wezi wanachukua dola ya kweli ya 1895 yenye S au O, wanakwangua ile herufi, wanasugua uwanja mpaka ung'ae, wanauza kama prufu. Fedha ni ya kweli, mwaka ni wa kweli, uongo uko kwenye nafasi ndogo chini ya tai, ambapo lensi ya fundi saa inaonyesha mikwaruzo.

La tatu ni uzito. Dola ya Morgan ni gramu 26.73 na upana milimita 38.1. Dola ya aina ile ya 1804 ni karibu gramu 27. Fedha na dhahabu hazivutwi na sumaku. Bandia nyingi za bei ya chini zina chuma ndani, na sumaku haijui kudanganya. Ila muwe makini: sarafu isiyovutwa na sumaku bado inaweza kuwa ya bandia. Sumaku inakataa, haikubali.

La nne, sheria ya Marekani ya 1973 inadai kila nakala ya sarafu iandikwe neno COPY. Kwa hiyo mahali palipopigwa tupa bila sababu, jiulize kulikuwa na nini.

La tano, usisafishe. Hili wengi hawalielewi. Uwanja wa prufu ni kioo, na kitambaa laini kinachora mistari myembamba kama unywele, ambayo haitoki tena. Wakusanyaji wa zamani walizipangusa prufu zao kwa upendo, wakaziharibu kwa upendo. Wengine walitumia sianidi, sumu kali, kuondoa weusi wa fedha. J. Sanford Saltus, mtu mkubwa katika chama cha sarafu cha New York, alikufa London mwaka 1922 hivyo: alikuwa anasafisha sarafu, pembeni kuna glasi ya kinywaji na glasi ya sianidi, akakosea glasi.

Mi mwenyewe nilipokuwa mtoto, babu alikuwa na sarafu ya faranga 50 ya Kongo ya Mbelgiji, ya fedha, ya mwaka 1944, ile yenye ndovu. Ilikuwa imekuwa nyeusi. Nikaichukua, nikaisugua kwa majivu na ndimu mpaka ikawaka. Nikampelekea nikitarajia sifa. Babu akaigeuzageuza, akasema tu: "Umeondoa miaka yangu." Sikumwelewa. Leo namwelewa. Ule weusi ndio ulikuwa cheti cha kwamba hakuna mtu aliyeichezea.

Siku hizi sarafu za thamani zinapelekwa kwa makampuni ya kupima, kama PCGS iliyoanza 1986. Wanaamua kama ni ya kweli, kama ni prufu au siyo, wanaipa alama katika kipimo cha 1 mpaka 70, kisha wanaifunga katika boksi la plastiki lenye namba. Prufu mbili za mwaka mmoja, moja yenye mistari ya kitambaa na nyingine safi, zinaweza kuachana bei mara nyingi. Na hata boksi lenyewe linaigizwa, kwa hiyo namba yake lazima ihakikishwe kwa kampuni.

TURUDI MEZANI

Mdogo wangu alinisikiliza haya yote, lakini si kwa raha. "Yaya, unasema ziko chache sana. Na kama hii ni moja ingine?"

Sikumjibu. Nilichukua bafle ya redio iliyokufa, nikatoa sumaku, nikaiweka karibu na yule mwanamke mwenye nywele ndefu. Ikaruka yenyewe, ka! Ikashikana.

Akanyamaza. Akaitoa, akarudisha, ikashikana tena. Halafu akasema, "Labda ni juu ya kutu." Nikaona kwamba moyo ukisha kununua, macho yanafuata. Tukatoka chini ya mvua mpaka kwa rafiki mmoja anayenunua dhahabu, tukaomba mizani yake. Gramu 21 na kitu. Rafiki hakuuliza hata swali. Aliangalia tu mdogo wangu, akarudia kazi yake.

Tukamtafuta mzee. Wakatuambia amevuka Lualaba asubuhi, simu haiiti. Mia moja na makumi tano zikaenda hivyo.

Jioni ilikuwa lazima kumwambia Mama. Nilitaka kusema mimi, juu hadithi ilitoka kwangu, lakini mdogo wangu akasema mwenyewe, amesimama, bila kukwepa. Mama alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Zimebaki ngapi?" Akasema, "Mia nne na makumi tano." Mama akafungua kitambaa chake, akazihesabu mbele yetu, akampa. "Zile zingine ni minerval," akasema. "Nilidhani umemaliza kulipa masomo. Kumbe ilibaki somo moja."

Wandugu, sisi wenye diploma tunafikiri udanganyifu ni wa wasiosoma. Mdogo wangu anajua kuhesabu riba na kuandika mpango wa biashara. Hakuuliza maswali matatu ya mkusanyaji wa sarafu: ilitengenezwa vipi, imepita kwa nani, na nani mwingine ameihakikisha. Hakuuliza, kwa sababu alitaka sana iwe kweli, na kwa sababu mimi kaka yake nilikuwa nimemwonjesha mamilioni bila kumfundisha njia.

Kwa mia nne na makumi tano alipata mashine ya fotokopi iliyotumika, ndogo, na meza. Ukifika pale, utaona ile dola ya 1804 juu ya karatasi, inazizuia zisipeperushwe na upepo. Wanafunzi wanaiona, wanashangaa, wanauliza kama ni ya kweli. Yeye hasemi kitu. Anafungua droo, anawapa sumaku.